Kioo cha Maziwa na Figo za Bihogo

Nyumbani kwa Polikarpi Rwezaura kuna vijiko viwili ambavyo haviruhusiwi kuingia jikoni. Mkewe, Placidia, alivifunga uzi mwekundu mwaka 1983 na kuvitundika kwenye msumari wa ukuta wa nyuma, karibu na bomba la kunyunyizia dawa ya kupe. Mgeni akinyoosha mkono kuvichukua huambiwa, "Hivyo ni vya ng'ombe." Haambiwi zaidi, kwa sababu kwa kawaida chakula kinakuwa kinakaribia kuletwa.

Vijiko hivyo huchemshiwa mkojo.

Rwezaura alikuwa bwana mifugo wa Nyakatuntu, wilayani Karagwe, kwa miaka kumi na saba. Alifika katikati ya mwaka 1979, mara tu baada ya vita, akiwa na umri wa miaka ishirini na minne, cheti cha chuo cha mifugo cha Mpwapwa na baiskeli isiyo na breki ya nyuma. Ofisi aliyokabidhiwa ilikuwa chumba kimoja. Ndani ya kabati alikuta mabomba mawili ya sindano, kipimajoto kimoja na chupa tupu nyingi. Kwenye rafu ya chini, katika kopo lililojazwa pamba, kulikuwa na laktomita: kioo chembamba chenye tumbo zito, ambacho wanunuzi wa maziwa hukitumbukiza kwenye maziwa ili kujua kama yametiwa maji. Kikizama sana, maziwa ni mepesi. Kikielea juu, maziwa ni mazito. Wakati ule hapakuwa na mnunuzi wa maziwa Nyakatuntu. Rwezaura alikifuta vumbi akakirudisha kwenye pamba.

Alikikumbuka miaka minne baadaye, kwa sababu ya dume la Bugomora.

Dume lilikuwa la mkulima aitwaye Desderius. Liliacha kula, likawa linasimama limeinamisha kichwa. Rwezaura alidhani ni ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, ingawa joto la mwili halikuwa limepanda. Alilichoma sindano siku tatu. Siku ya nne likafa. Alipolipasua alikuta figo zimevimba na kupauka kama zilizopikwa, na mafuta yanayozizunguka yamelowa maji. Kinywa cha mnyama kilinuka mkojo.

"Nilimtazama macho, nikamshika masikio, nikahesabu pumzi," anasema Rwezaura. "Mkojo wake sikuutazama hata mara moja. Na alikojoa mbele yangu. Nilisogea pembeni usinirukie viatu."

Desderius hakumlaumu. Alimshukuru kwa kuja siku zote nne, akamsindikiza mpaka njiani. Rwezaura alifika nyumbani akafungua madaftari yake ya chuo.

Alichokitafuta ni jambo ambalo kila mwanafunzi wa mifugo hulisikia na wengi hulisahau. Figo nzima hubana maji. Ng'ombe aliyelala bila kunywa, asubuhi hukojoa mkojo mzito, kwa kuwa figo zimerudisha maji mwilini na kutoa taka tu. Figo zikiharibika haziwezi tena kubana. Mnyama anaweza kuwa na kiu kali na bado mkojo wake ukatoka mwepesi, karibu sawa na maji. Chuoni uzito huo ulipimwa kwa kioo maalumu. Nyakatuntu kioo hicho hakikuwepo, lakini laktomita ilikuwepo, na alama zake, kuanzia kumi na tano hadi arobaini, ziliangukia karibu palepale mkojo wa ng'ombe mzima unapoangukia. Kwenye mkojo wa figo mbovu, kioo kingezama mpaka alama ya kumi na tano ipotee chini.

Kwa mwaka mzima alipima mkojo wa ng'ombe wazima, wa kila aliyemruhusu, ili ajue kawaida ni ipi. Aliacha mkojo upoe kwanza, kwa kuwa ukiwa wa moto kioo husema uongo. Kisha aliuchemsha kwenye kijiko pamoja na matone ya siki. Mkojo wa ng'ombe ukichemka hutoa ukungu, na ukungu ukiyeyuka kwa siki, ni chumvi tu. Ukibaki na kuganda kama ute wa yai, figo zinavujisha au kuna damu. Hapo ndipo Placidia alipofunga nyuzi zake.

Pia hapo ndipo Rwezaura alipopata jina la Bwana Mkojo. Kwenye gulio watu walimsalimia wakiwa wamebana pua. Mwanamke mmoja muuza maharage aliwahi kumuuliza mbele za watu kama na mkewe alimpima kabla ya kumuoa. Rwezaura alijibu kwamba alimpima, akapata thelathini na mbili, na thelathini na mbili si haba. Watu walicheka mpaka mizani ikaachwa inaning'inia.

Agosti 1985, siku ya Jumatano, aliitwa kwa Mukandekezi.

Mukandekezi alikuwa mjane wa miaka thelathini na mitano. Alizaliwa Rwanda, akavushwa kuja Karagwe akiwa na miaka tisa. Alikuwa na shamba la migomba, kahawa kidogo, watoto wanne na ng'ombe mmoja, Bihogo, jike mwekundu aliyekolea rangi, mwenye mimba ya miezi saba. Ng'ombe huyo hakununuliwa. Alipofiwa na mumewe, mzee Mbonimpa wa Bugomora, rafiki wa marehemu, alimfungulia ndama jike zizini kwake akampa mbele ya mashahidi. Katika kabila lake zawadi ya namna hiyo haiishi. Tangu siku ile Mukandekezi alipotaka kuaminiwa aliapa kwa jina la mzee huyo: "Kweli ya Mbonimpa aliyenipa ng'ombe." Na ng'ombe wa namna hiyo hachinjwi mpaka aliyemtoa aitwe, aje amwone kwa macho yake.

Rwezaura alipoegemeza baiskeli alikuta Mbonimpa ameshatumiwa mtu. Angefika Ijumaa asubuhi. Mchinjaji, Evaristi wa Murongo, yeye hakungoja. Alikuwa amekaa kwenye gogo mbele ya zizi, kamba begani.

"Shikamoo, bwana mifugo," alisema Mukandekezi. Alikuwa ameshika kibuyu kidogo kwa mikono miwili.

"Marahaba, mama. Ana nini?"

"Anakojoa damu." Aliinamisha kibuyu, akamimina kidogo kwenye sahani ya bati. Kilichotoka kilikuwa chekundu, rangi ya chai ya rangi iliyokaa sana.

Kibuyu hicho kilikuwa cha kazi. Wafugaji wa huku huosha vyombo vya maziwa kwa mkojo wa ng'ombe kabla ya kuvifukiza moshi, na mwanamke mwangalifu hukinga mkojo alfajiri akauweka akiba. Hata ng'ombe asipokamuliwa, chombo huoshwa, kwa kuwa kikikaa kikavu hupata harufu ambayo haitoki. Jumatatu Mukandekezi alimimina mkojo ili aoshe, akauona mwekundu. Akaumwaga, akakinga mwingine Jumanne. Nao ulipofika wakati wa kuosha ulikuwa mwekundu. Nyasi za kulalia zizini zilikuwa na madoa yaleyale. Bihogo alikuwa amepunguza kula na alilala zaidi ya kawaida.

"Figo zimeoza," alisema Evaristi. "Nimechinja miaka kumi na minane, Bwana Mkojo. Anayekojoa hivi, ukimpasua unazikuta kama matope. Mchinje leo akiwa amesimama, nyama inalika. Ngoja Jumapili, utazika."

"Umeuona ukitoka?" aliuliza Rwezaura.

"Nini?"

"Mkojo. Umeuona ukimtoka?"

"Kwani umetoka wapi, masikioni?"

Theoneste, mdogo wa marehemu, ambaye ndiye aliyemkatia Bihogo majani kila siku, alicheka kisha akajizuia kwa kuona uso wa shemeji yake. Mukandekezi hakucheka. "Bwana mifugo," alisema, "mimi sina ng'ombe wa pili. Akifa, watoto wangu wamekosa maziwa na samadi. Nikimchinja bure, nitamwambia nini Mbonimpa? Niambie tu kama figo zake zimekufa au hazijafa."

Maabara ya mifugo ilikuwa Mwanza, safari ya barabara na meli, na majibu ya damu yangerudi baada ya wiki mbili au tatu. Rwezaura alikuwa na kioo, vijiko viwili, chupa ya siki na muda wa mpaka Ijumaa.

Alianza na yale yanayoonekana. Joto la mwili lilikuwa la kawaida. Utando wa ndani ya jicho ulikuwa na rangi nzuri, na hilo lilimshangaza, kwa kuwa ng'ombe anayepoteza damu kwa mkojo siku tatu hupauka. Alinusa kinywa. Kilinuka majani. Alimimina mkojo wa kibuyu kwenye chupa nyeupe akauacha utulie huku akihojiana na watu. Damu inayotoka kwenye kibofu hutua chini na kuacha juu peupe. Baada ya saa nzima hakuna kilichotua. Wekundu ulikuwa sawa juu hadi chini.

Hiyo haikuwa habari njema. Wekundu usiotua huwa ni rangi ya damu iliyoyeyuka, kama ilivyo kwa ugonjwa wa kupe unaoitwa mkojo mwekundu, na rangi hiyo ikipita kwa wingi huziba figo. Evaristi aliyatambua mashaka usoni mwake. "Nilisema mimi," alisema, akafungua kamba begani akaanza kuinyoosha.

Rwezaura aliomba moto. Alitia mkojo mwekundu kwenye kijiko, matone matatu ya siki, ukatoa povu kidogo ukatulia, akaushika juu ya kaa. Watu wanne walikiinamia kijiko kimoja. Mkojo ulichemka. Haukuganda. Ulibaki mwekundu na mwangavu, bila hata uzi mmoja mweupe.

Alirudia kwa kijiko cha pili. Ikawa vilevile.

"Damu ikichemshwa inaganda," alisema polepole. "Hata iliyoyeyuka. Hii si damu."

"Ni nini basi?" aliuliza Mukandekezi.

"Sijui."

"Hajui!" Evaristi aliliambia zizi zima. "Serikali inamlipa, na hajui."

"Sijui ni nini. Najua si damu. Mama, leo jioni usimpe maji. Kesho alfajiri nitakuja, asikojoe kabla sijafika."

"Nitamzuiaje kukojoa, bwana mifugo?"

Hilo nalo hakulijua. Alipanda baiskeli.

Alhamisi alifika kabla jua halijatoka kwenye kilima. Bihogo alikuwa bado amelala, akainuka kwa uvivu. Rwezaura alisimama nyuma yake, kopo safi mkono wa kushoto, na kwa vidole vya kulia akaanza kumpapasa polepole ngozi iliyo chini ya mkia, juu chini, juu chini, kama alivyofundishwa. Ng'ombe hutulia, hukunja mgongo, hukojoa. Theoneste alitazama kwa heshima kwa muda, kisha uvumilivu ukamwishia.

"Daktari, mwimbie na wimbo."

"Mwimbie wewe. Mimi mikono yangu ina kazi."

Bihogo alikunja mgongo. Mkojo ulishuka kwenye kopo kwa kishindo, na Mukandekezi, aliyekuwa ameushika mkia, aliinama kutazama. Akatazama tena. Mkojo ulikuwa wa manjano, mwangavu kama mkojo wowote wa asubuhi.

"Amepona?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Rwezaura aliuacha upoe, akaumimina kwenye chupa ndefu, akashusha kioo. Kilizama, kikapanda, kikayumba kidogo, kikasimama. Alipiga magoti ili jicho lake liwe sawa na mstari wa maji. Thelathini na moja.

"Mzito," alisema. Kisha, kwa kuwa alijua kwamba damu au ute vinaweza kuufanya mkojo mbovu uonekane mzito, alichemsha tena kijiko. Ukungu kidogo, siki, ukungu ukapotea. Maji matupu.

Hapo ndipo mtu mwingine angepiga makofi. Rwezaura alikuwa na swali. Mkojo wa Jumanne ulikuwa mwekundu kwenye kibuyu, huu ni wa manjano, na ng'ombe ni yuleyule, hajatibiwa na mtu. Alijaribu lililobaki: aliiweka chupa juu ya ukuta wa zizi, mahali pa wazi, akaomba kiti.

Mukandekezi alileta kiti na viazi. Walikaa. Jua lilipanda juu ya migomba. Baada ya muda mfupi mkojo ulionekana kama umechafuka kidogo. Baadaye ulikuwa na rangi ya majani makavu. Theoneste aliyekuwa akitoa samadi alipita na reki, akasimama. "Unakuwa mwekundu," alisema. "Wenyewe! Hakuna aliyeugusa!"

Kabla ya saa nne chupa ilikuwa na rangi ileile ya kibuyu.

Rwezaura aligeuka. "Nani amempa huyu ng'ombe dawa?"

"Hakuna dawa," alisema Mukandekezi. "Kweli ya Mbonimpa aliyenipa ng'ombe, sijampa dawa yoyote."

Theoneste aliegemeza reki. "Shemeji, ile si dawa ya mkojo," alisema. "Ni ya tumbo. Ya minyoo. Nilimnywesha Jumapili, wewe ulikuwa kanisani. Nilinunua Murongo kwa mtu aliyevuka mpaka nayo. Alikuwa anakonda, nikasema nimsaidie."

"Unga?" aliuliza Rwezaura. "Wa kijani, kama majivu yenye ukungu?"

"Ndiyo huo."

Ilikuwa dawa ya zamani, iliyotumika sana kabla hajaingia chuoni na ambayo yeye aliisikia darasani tu, dakika tano, na mwalimu aliyekuwa akimalizia kipindi. Ikipita mwilini hutoka kwenye mkojo bila rangi. Ikikutana na hewa, huwa nyekundu. Ng'ombe huzubaa siku chache na kupoteza hamu ya kula, kisha hurudi.

Kila mtu aliyemhukumu Bihogo alikuwa ameutazama mkojo uliokaa muda: kwenye kibuyu cha kuoshea vyombo, kwenye nyasi za kulalia. Katika nyumba ambayo haikingi mkojo hakuna ambaye angegundua kitu. Mukandekezi aliona kwa sababu alikuwa mwangalifu wa vyombo vyake, na uangalifu huohuo ulikuwa umeleta mchinjaji mlangoni.

Theoneste alikuwa bado amesimama. "Shemeji," alisema, "nilikaribia kukuchinjia ng'ombe kwa mkono wangu."

"Nenda kakate majani," alisema Mukandekezi. "Mengi." Kisha akaketi chini palepale, kwenye udongo, akajifunika uso kwa kanga. Mabega yalikuwa yanatikisika na ilichukua muda watu kujua kwamba anacheka.

Rwezaura hakumruhusu kusherehekea. Alitaka alfajiri moja zaidi, kwa kuwa kipimo kimoja kilishawahi kumdanganya na yeye mwenyewe alishawahi kujidanganya. Ijumaa alimpapasa tena Bihogo. Thelathini na tatu. Kijiko kikawa safi. Mkojo ulioachwa ukutani uligeuka rangi, lakini kwa kuchelewa na kwa kupauka.

Mbonimpa alifika kwa miguu, mzee mrefu mwenye hasira ya mtu aliyetembea tangu alfajiri bila kula. Evaristi naye alikuwa amerudi, safari hii na visu vyake kwenye gunia.

"Shikamoo mzee," walisema wote.

"Marahaba. Yuko wapi ng'ombe wangu anayekufa?"

"Hafi, baba," alisema Mukandekezi. "Figo zake ni nzima. Zimepimwa kwa kioo cha maziwa."

Mzee alimtazama Rwezaura kutoka kwenye viatu hadi kofia. "Wewe ndiye yule wa mkojo?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Nimetembea kutoka Bugomora nije kula nyama, na wewe unanionyesha chupa."

"Pole, mzee."

"Nionyeshe vizuri basi."

Rwezaura alishusha kioo tena, akaeleza alama. Mbonimpa alipiga magoti kwa taabu, akatazama kwa muda mrefu, akauliza kama ng'ombe wake saba wa Bugomora nao wanaweza kupimwa. Kisha akaenda zizini, akamshika Bihogo nundu, akasema naye maneno ya kwao ambayo hakuna aliyeyatafsiri.

Evaristi alifunga gunia lake. "Mimi naona nyinyi nyote mna wazimu," alisema. Lakini aliuliza, akiwa ameshaanza kuondoka, kama ni kweli damu ikichemshwa na siki lazima igande. Rwezaura akamwambia ni kweli. Mchinjaji akatingisha kichwa kama mtu anayeweka kitu mfukoni, akaenda zake. Hakupata nyama siku hiyo. Mbonimpa naye hakupata. Alipewa matoke, maharage na pombe ya ndizi, akala mpaka akasahau kukasirika.

Bihogo alizaa Oktoba, ndama jike. Desturi inataka ndama wa kwanza wa kike arudi kwa aliyetoa mama yake. Mukandekezi alimpeleka Bugomora mwenyewe, ndama alipoacha kunyonya.

Rwezaura aliacha kazi mwaka jana. Laktomita bado anayo, imo kwenye kopo lake la pamba, na mara mbili tangu astaafu imezama mpaka alama ya kumi na tano ikapotea. Mara zote mbili alimwambia mwenye ng'ombe ukweli, na mara zote mbili mchinjaji aliyeitwa alikuwa Evaristi. Huwa anauliza kwanza kama kijiko kimechemshwa.

Mukandekezi, akihojiwa sasa kuhusu siku zile, hana mengi ya kusema kuhusu kioo. Anachokumbuka ni Jumapili iliyofuata. Alikinga mkojo alfajiri, akaumimina kwenye sahani ya bati badala ya kibuyu, akaiweka ukutani. Hakwenda kanisani. Alikaa kwenye kile kiti akiutazama mpaka jua likawa utosini, na ulikuwa bado wa manjano. Ndipo alipoinuka, akachukua vyombo vyake vya maziwa, akaviosha.